Kitanda cha Chini Hadi Vienna

Mama alipopata viza ya kuja kunitembelea Hamburg, mdogo wangu anayeishi Vienna alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue. Bibi kwenda kumwona mjukuu halikuwa jambo la kujadili. Tulichojadili ni namna ya kumfikisha.

Wa kwanza kusema alikuwa shemeji. "Shemeji, wewe mkatie mama tiketi ya ndege. Saa moja na nusu tu, keshafika." Alisema kwa nia njema, akimhurumia mama mkwe wake. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na kila akitoka kwenye safari ndefu miguu inavimba. Ukitaka mzee wa hali hiyo aache ndege ya saa moja na nusu apande treni ya saa kumi na tatu, lazima ujieleze. Hapa naandika yale niliyomweleza shemeji, pamoja na mengine ambayo sikuyajua mpaka tulipokuwa njiani.

Nianze na hiyo saa moja na nusu. Huo ni muda wa ndege kuwa angani, basi. Mimi ninaishi Harburg, ng'ambo ya mto Elbe. Kutoka nyumbani hadi kituo kikuu ni treni ya mjini, na hapo unapanda treni nyingine ya mjini, S1, ya kwenda uwanja wa ndege, dakika 25 hivi. S1 yenyewe ina jambo lake: ikifika Ohlsdorf inakatwa vipande viwili, mabehewa ya mbele yanakwenda uwanja wa ndege, ya nyuma yanakwenda Poppenbüttel. Mgeni asiyejua anaweza kujikuta Poppenbüttel na masanduku yake huku ndege inaruka. Ukishafika uwanjani kuna kukabidhi mzigo, foleni ya ukaguzi, kuvua koti, kuvua mkanda, kutembea hadi lango la mwisho kabisa, na foleni nyingine ya kupanda. Vienna nako kuna kusubiri sanduku, treni ya kuingia mjini, kisha reli ya chini ya ardhi. Nilipiga hesabu tangu kufunga mlango wangu mpaka kugonga mlango wa mdogo wangu, nikapata saa sita, hapo hakuna kilichochelewa. Katika saa hizo sita mama angetulia kitini saa moja na nusu ileile. Zilizobaki ni za kusimama, kuburuta na kuulizwa maswali.

Ndiyo maana safari siipimi kwa saa inazochukua. Naipima kwa saa ambazo msafiri atakuwa macho. Treni ya usiku inaondoka Hamburg baada ya saa mbili usiku na kuingia Vienna baada ya saa tatu asubuhi. Toa saa ambazo mtu angekuwa amelala hata kama angebaki nyumbani kwake. Zinabaki nne au tano, na nyingi katika hizo ni za kula, kupiga soga na kunywa chai mkiwa mmekaa. Tena inakuchukua katikati ya mji na kukushusha katikati ya mji. Shemeji aliposikia hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na bei?"

Bei ni swali la haki. Nilikata tiketi wiki sita kabla, vitanda viwili katika chumba cha watu wanne, karibu yuro 90 kila mmoja. Tiketi ya ndege niliyoiona siku hiyo ilikuwa pungufu ya hapo. Lakini ilikuwa ya mtu na kibegi cha kuingia chini ya kiti, na mama yangu hasafiri mikono mitupu. Alikuwa anakuja na vitenge vya kumbebea mtoto, unga wa muhogo, karanga, na asali ya Tabora. Umoja wa Ulaya unamruhusu msafiri kuingia na asali ya matumizi yake isiyozidi kilo mbili, wakati nyama na maziwa kutoka nchi kama yetu ni marufuku. Nilimweleza kwa simu, naye akaenda kuipima kwenye mizani ya dukani, ikawa kilo mbili kamili. Ukiipandisha asali hiyo ndege ya pili, ya Hamburg hadi Vienna, ukaguzi unaihesabu kama kimiminika: kwa kawaida ikizidi mililita 100 haikai kwenye mzigo wa mkononi. Basi unalipia sanduku. Ukilipia sanduku, bei inaikaribia ya kitanda, na usiku huo bado hujalala popote. Kwenye treni hakuna aliyeuliza kilo.

Basi la abiria nalo silidharau. Nilipokuwa mwanafunzi Flixbus ndiyo iliyonionyesha Ulaya. Mabasi yale yalianza mwaka 2013, baada ya Ujerumani kufungua soko la mabasi ya masafa marefu, na kwa mfuko wa mwanafunzi hakuna kilichoyashinda. Nimekwenda nayo Prague, nimekwenda nayo Paris. Kijana mwenye begi moja na shingo imara, apande. Ila najua kuamka saa tisa ya usiku kwenye kituo cha mafuta, taa nyeupe machoni, magoti yamekaza, huku dereva anasema ni mapumziko ya dakika 20. Mama wa miaka 71 simpeleki huko.

Treni ya mchana naipenda zaidi kuliko zote pale safari isipozidi saa sita hivi. Kwenda Copenhagen sifikirii kingine. Zamani treni ile ilikuwa inaingizwa kwenye pantoni kati ya Puttgarden, Ujerumani, na Rødby, Denmark, abiria mnapanda juu kupunga upepo wa bahari. Hilo lilikoma Desemba 2019. Siku hizi inazungukia rasi ya Jutland, wakati chini ya mlangobahari kunajengwa njia ya kilomita 18. Lakini Hamburg hadi Vienna kwa mchana inazizidi sana saa hizo, siku nzima imeliwa, na mara nyingi kuna kubadilisha treni na masanduku mkononi. Treni ya kwanza ikichelewa dakika 15 ya pili imekuacha, na hapo ndipo mzee anaanza kukimbizwa kwenye ngazi.

Na zipo safari ambazo napanda ndege bila kujilaumu. Lisbon ni mojawapo. Treni za usiku kati ya Hispania na Ureno zilisimama Machi 2020 na hazijarudi. Ukitoka Hamburg unaunga treni kwa siku mbili mpaka uchoke na mji wenyewe kabla hujauona.

Shemeji alikuwa na hoja moja iliyonifanya nifikiri. Aliniuliza kwa nini treni hizi, kama ni nzuri hivyo, ziko chache hivi. Mwaka 2016 zilikaribia kufa. Ndege za bei rahisi zilikuwa zimechukua abiria, treni za kasi zimechukua wengine, na Desemba mwaka huo Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, ikazifuta zake zote. Shirika la reli la Austria, ÖBB, likanunua sehemu ya mabehewa yaliyoachwa na kuanzisha treni zake za usiku, Nightjet, mwezi uleule. Wengi waliona ni kujitwisha mzigo wa mwenzio. Leo ndiyo jina linalotajwa kwanza mtu akizungumzia kulala kwenye reli za Ulaya, na treni zake mpya zilizoundwa na Siemens zilianzia njia yetu hii ya Hamburg kwenda Vienna na Innsbruck, Desemba 2023.

Ukiingia ndani ya moja unaona papo hapo kwa nini kitanda hakiwezi kuwa na bei ya kiti. Treni hiyo mpya ina mabehewa saba na inabeba watu 254. ICE, treni ya kasi ya Ujerumani, ya mabehewa 12 inabeba 830. Yaani kila behewa linabeba karibu nusu ya watu, tena linakwenda safari moja kwa usiku, wakati la mchana linaweza kwenda mbili au tatu. Juu ya hapo kuna mhudumu wa kulipwa usiku kucha na mashuka ya kufua. Treni inalipia kila kilomita ya reli inayopita, ilhali mafuta ya ndege za kimataifa hayatozwi kodi. Halafu kuna umeme. Ujerumani na Austria wanatumia umeme wa aina moja, volti 15,000, ndiyo maana njia ya Vienna ina nafuu. Ubelgiji ni volti 3,000, Uholanzi 1,500, Ufaransa aina mbili ndani ya nchi moja. Mpakani lazima kichwa cha treni kibadilishwe, au kiwe cha ghali kinachomeza umeme wa kila namna. Sisi shida hii tunaijua kwa sura nyingine: TAZARA ina upana wa milimita 1,067, reli ya kati 1,000, na zinapokutana Kidatu mzigo unapakuliwa huku na kupakiwa kule.

Kwa hiyo treni za usiku zinahitaji mkono wa serikali, na mkono huo ukiondoka zinaanguka. Desemba 2025 Nightjet za kutoka Paris kwenda Berlin na Vienna zilisimama baada ya Ufaransa kukata ruzuku. Niliumia. Nilikuwa na rafiki aliyeitegemea ile ya Berlin kwenda kuwaona wanawe.

Kuna jambo jingine nalisema wazi, maana nisipolisema nitakuwa nimempotosha mtu. Treni ya usiku ikiharibika, inaharibika vibaya. Safari moja, kwa kampuni nyingine na njia nyingine, nilifika jukwaani nikaambiwa behewa letu la vitanda ni bovu, wameweka la kukaa. Tulikaa wima usiku mzima, taa haizimwi, na tulifika na ucheleweshaji wa saa tatu. Nilikuwa na usaili wa kazi saa nne asubuhi. Kazi sikuipata. Tangu siku hiyo, kama asubuhi kuna jambo lisiloweza kusubiri, nasafiri siku moja kabla, kwa chombo chochote kile. Sheria ya Ulaya inakurudishia robo ya nauli treni ikichelewa saa moja hadi mbili, na nusu ikifika saa mbili na kuendelea. Ndege ya umbali kama huu ikichelewa saa tatu au zaidi unadai yuro 250, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa kampuni. Watu wetu wengi hawadai. Dai. Fomu iko mtandaoni na inachukua dakika kumi.

Nyaraka nazo. Kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya, mpaka wa Ulaya haufi kwa sababu tu treni haisimami. Viza ya Schengen ya mama ilikuwa ya kuingia mara moja, na kwa hiyo alikuwa huru kutoka Ujerumani kwenda Austria na kurudi, maana kisheria hajatoka Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Angekwenda London, hata kwa treni ya Eurostar ya saa mbili na robo kutoka Paris, angehitaji viza ya Uingereza, na akishatoka tu ile ya kuingia mara moja imekwisha. Nimeona familia ikikwama kwa hilo. Na siku zake ni 90 ndani ya kila 180. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuzihesabu kwa kompyuta badala ya muhuri, kwa hiyo usitegemee kwamba hakuna atakayejumlisha.

Zaidi ya hapo, Ujerumani ina ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria tangu Septemba 2015. Ukirudi kutoka Vienna usiku, treni inasimama Passau, na polisi wanaweza kupanda. Nimeamshwa hapo mara mbili. Nilichojifunza ni kulala na pasipoti na kibali cha ukaazi ndani ya mto wa kulalia, si kwenye sanduku chini ya kitanda. Kupekua masanduku gizani huku tochi inakumulika na wenzako chumbani wanageuka vitandani kunakupa aibu usiyostahili. Mama nilimshonea kifuko cha kitenge cha kuvaa shingoni, ndani pasipoti, bima ya safari na barua yangu ya mwaliko.

Basi nikachagua chumba cha wanawake watupu, na vitanda viwili vya chini. Nightjet wanakuwezesha kuchagua hivyo unapokata tiketi, na kwa mama lilikuwa jambo la kwanza. Zipo pia zile kabini ndogo za mtu mmoja, kama droo zilizopangwa, unafunga mlango wako kwa kadi. Kijana anayependa faragha zitamfaa. Mama asingeweza kupanda, na asingelala peke yake ndani ya kasha ugenini.

Kwenye jukwaa la kituo kikuu nilimwacha amekaa juu ya sanduku nikaenda kusoma namba za mabehewa, mara mbili. Treni hii inaondoka Hamburg ikiwa moja, lakini Nuremberg usiku wa manane inagawanywa: nusu inakwenda Innsbruck, nusu Vienna. Ukipanda upande usio wako na kulala, unaamkia kwenye milima ya Tirol. Sikumwambia mama. Nilitaka alale.

Alipoingia chumbani alishika ukingo wa kitanda, akabonyeza godoro, akaangalia ngazi ya kupandia juu, akaniambia, "Daraja la pili kulala." Akavua viatu. Alikuwa amefika mahali anapopajua. Mwenzetu mmoja alikuwa mama wa makamo anayeshukia Linz, na kabla treni haijatoka mjini mama alikuwa keshamwekea karanga kwenye kiganja, wanazungumza kila mtu lugha yake na wanaelewana. Mhudumu akapita na kutuuliza kahawa au chai ya asubuhi. Taa zikazimwa. Nilimsikia mama akishusha pumzi ndefu, na baada ya muda akawa anakoroma taratibu.

Mimi ndiye sikulala. Nilikuwa nasubiri Nuremberg.

Tulipoingia, treni ilisimama, kimya kikatanda. Halafu ukaja mtikisiko mdogo, kama mtu amegusa behewa kwa bega. Kimya tena. Mashine za kupuliza hewa zikapungua sauti, zikarudi.

"Wanakata," mama akasema gizani.

"Lala, mama."

"Wanakata mabehewa. Hapa ni njia panda." Sauti yake haikuwa na usingizi hata kidogo. "Sikiliza. Sasa kile kichwa kimeondoka na wenzetu. Kingine kitakuja kutugonga kidogo, ndipo tutaondoka."

Tukasubiri. Kikaja, kikagonga kidogo.

Mama alikulia nyuma ya stesheni ya Tabora. Wajerumani waliifikisha reli pale mwaka 1912, na Waingereza wakamaliza tawi la Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo Tabora ikawa mahali ambapo treni ya kutoka Dar inakatwa: haya ya Mwanza, haya ya Kigoma. Akiwa msichana aliuza karanga na asali madirishani usiku, na biashara yake yote ilikuwa ndani ya muda ule wa kukata na kuunga. Alinieleza haya akiwa amelala chali, kwa kunong'ona ili asimwamshe wa Linz. Kwamba walikuwa wanajua kwa mlio tu wamebakiwa na muda gani. Kwamba abiria aliyeshuka kununua chai akarudi kwenye behewa lisilo lake alikuwa anatafutwa kwa kuitwa jina jukwaa zima. Kwamba baba yake alimkataza kuvuka reli wakati kichwa kinarudi nyuma, na siku moja akavuka, na hajamwambia mtu mpaka usiku ule. Nina miaka 38 na sikuwahi kuyasikia. Kwenye ndege ya saa moja na nusu asingeyasema, na nyumbani kwangu Harburg asingeyakumbuka.

Asubuhi chai ilikuja na mikate, siagi na jamu. Mama aliiweka jamu pembeni, akafungua asali yake, akampakia wa Linz mkate wote mpaka kingo. Yule mama alikula akiwa amefumba macho. Aliposhuka alimshika mama mikono yote miwili.

Vienna tulimkuta shemeji jukwaani, mtoto yuko kifuani mwake ndani ya kibebeo. Mama alitembea mwenyewe hadi pale, polepole, miguu haikuvimba. Alimtazama mjukuu kwa muda mrefu bila kumchukua, kwanza akanawa mikono kwa maji ya chupa palepale. Kisha, akiwa amempakata, akanigeukia.

"Na wale wenzetu waliokatwa usiku," akauliza, "wamefika?"

Nilifungua simu nikaangalia Innsbruck.

"Wamefika, mama."

"Haya," akasema, ndipo akamfunua mtoto uso.